Kodi ya Motokaa: Tufuate Denmark, Tufuate Marekani, au Tujipimie Wenyewe?

Tangu mkutano wa tawi uliofanyika hapa Mbotela, wanachama wametuuliza neno moja mara nyingi. Katika mkutano ule ndugu mmoja, ambaye mpwa wake yuko Minnesota, alisimama akasema kwamba kijana yule hajatimiza hata miaka miwili huko naye amekwisha kununua motokaa, tena kwa pesa ambazo hapa zisingetosha kulipia ushuru wake Mombasa. Akauliza: kwa nini chama hakidai kodi ya motokaa iondolewe kabisa? Ndugu mwingine akamjibu kwa ukali kwamba huko Denmark, ambako mfanya kazi anaishi vizuri kuliko Marekani, gari hutozwa kodi mpaka bei yake inakuwa karibu mara tatu, na watu hawaandamani. Maneno yakawa mengi, mwenyekiti akagonga meza, tukahamia jambo jingine.

Sisi wa gazeti hili tuliona si vyema shauri hili liishie pale. Wale ndugu wawili wote walisema kweli, lakini kila mmoja alisema nusu yake. Tena jambo hili si la wenye magari tu. Mwanachama ambaye hajawahi kushika usukani maisha yake yote analipa kodi ya motokaa kila asubuhi anapopanda matatu katika Jogoo Road, ila hapewi risiti.

Tuanze na Marekani. Ni kweli kwamba huko kodi ya motokaa ni ndogo. Kodi ya serikali kuu juu ya petroli ni senti 18.4 za dola kwa galoni, nayo haijapandishwa tangu mwaka 1993. Kodi ya mauzo ni shauri la kila jimbo: California huanzia asilimia 7.25, na majimbo kama Oregon na Montana hayatozi hata senti. Mwaka 2023 Mmarekani alinunua galoni ya petroli kwa wastani wa dola tatu na nusu hivi. Galoni yao ni lita 3.785. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, galoni kama hiyo hapa Nairobi ilikuwa kama dola tano na nusu. Kwa hivyo yule kijana wa Minnesota hakumdanganya mjomba wake.

Lakini kuna jambo ambalo hakumwandikia, au labda hakuona haja. Katika miji mingi ya Marekani usipokuwa na motokaa huna kazi. Miji ile imejengwa kwa ajili ya gari: kiwanda kiko huku, nyumba kule, duka mahali pengine, na basi hupita mara moja kwa saa ikiwa lipo. Chama cha wenye magari cha huko kiitwacho AAA kilihesabu mwaka 2024 kwamba kumiliki na kuendesha gari jipya humgharimu mtu dola 12,297 kwa mwaka, ukijumlisha bima, petroli, matengenezo, riba, na thamani inayopungua. Sasa tazameni upande wa mshahara. Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, nacho hakikuguswa kwa miaka zaidi ya kumi na tano tangu kilipowekwa Julai 2009. Afanyaye kazi saa 40 kwa wiki, mwaka mzima, hupata dola 15,080. Bila shaka mtu wa mshahara huo hanunui gari jipya. Hununua kuukuu, nalo humharibikia barabarani. Majimbo mengi nayo yameweka kima cha juu kuliko hicho. Hata hivyo mnaona jinsi mambo yalivyo. Serikali haimtozi mwenye gari sana, lakini gari lenyewe humtoza. Na akiugua, bima ya afya ni shauri lake na mwajiri wake. Mtoto akitaka kwenda chuo kikuu, karo ni deni la miaka mingi.

Wala si kweli kwamba Marekani nzima haina kodi ya motokaa ya kila mwaka. Katika jimbo la Virginia mwenye gari hulipa kodi kwa thamani ya gari lake, na pesa hizo huenda kwa wilaya kuendesha shule na kazi nyingine. Mwaka 1997 Jim Gilmore alichaguliwa kuwa gavana wa jimbo hilo kwa ahadi moja kubwa, kuiondoa kodi hiyo. Alishinda, lakini kodi haikuondoka. Ilipunguzwa tu, na jimbo likalazimika kuzifidia wilaya kwa pesa zilizopungua.

Sasa twende kaskazini ya Ulaya. Watu husema “Nordic” kana kwamba ni nchi moja, nazo hazifanani. Denmark haina kiwanda cha motokaa cha maana, na kwa miaka mingi kodi ya kusajili gari jipya ilifika asilimia 180 kwa sehemu ya juu ya bei. Mwaka 2015 sehemu hiyo ilipunguzwa ikawa 150, na tangu mageuzi ya mwaka 2021 kuna ngazi tatu: asilimia 25, 85 na 150, kadiri bei inavyopanda. Hiyo huja baada ya kodi ya mauzo ya asilimia 25. Sweden, yenye Volvo, na ambayo zamani ilikuwa na Saab pia, haina kodi ya kusajili ya namna hiyo. Jambo hili lafaa kukumbukwa: asiyetengeneza magari hutoza sana, na anayetengeneza hukumbuka vibarua wake. Norway nayo hutoza kwa uzito wa gari na kwa moshi linaloutoa, lakini ilisamehe magari ya umeme kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2024 karibu tisa katika kila magari kumi mapya yaliyouzwa huko yakawa ya umeme. Anayeingia Oslo kwa gari amekuwa akilipa njiani tangu 1990, na wa Stockholm analipa tangu 2007.

Ndugu yetu wa pili anaposema watu hao hawalii, si hivyo kabisa. Hunung'unika sana. Tofauti ni kwamba wanapolipa wanajua pesa zimekwenda wapi. Mgonjwa anatibiwa bila kuulizwa mfukoni ana nini. Chuo kikuu hakina karo kwa mwananchi. Treni inafika, tena kwa saa iliyoandikwa. Na katika Denmark, Sweden na Norway hakuna sheria ya kima cha chini kwa nchi nzima kama yetu. Mshahara huwekwa kwa mapatano ya vyama vya wafanya kazi na waajiri.

Hapa hatuwezi kupita bila kutaja mgomo wa mafundi wa Tesla huko Sweden. Chama cha IF Metall kiliwatoa kazini tarehe 27 Oktoba 1969? Hapana, ndugu, ni Oktoba 2023. Sababu yake ndiyo inayofanana na ya miaka ile ya zamani: kampuni ilikataa kutia sahihi mapatano ya pamoja. Wafanya kazi wa bandari wakakataa kupakua magari yake, na wa posta wakakataa kupeleka namba za magari mapya. Vyama vya Denmark, Norway na Finland vikaunga mkono. Tunalitaja si kwa kuwasifu wageni, bali kwa sababu mtu asiyeuona upande huu hataelewa kwa nini mfanya kazi wa huko anaweza kulipa kodi kubwa na bado akabaki na kitu.

Sasa hesabu, maana bila hesabu haya ni maneno matupu. Tumeuchukua mwaka 2023 kwa sababu mwezi wa Oktoba petroli ilipanda hapa Nairobi kupita wakati wowote uliotangulia: shilingi 217 na senti 36 kwa lita. Tuulize hivi: mtu wa mshahara wa chini afanye kazi saa ngapi ili anunue lita moja?

Norway, mfanya usafi wa ofisi alikuwa akilipwa zaidi ya krona 200 kwa saa. Kima hicho kilitoka katika mapatano ya chama, kisha kikafanywa sheria kwa kazi yote ya usafi nchini. Lita ya petroli ilikuwa krona 20 na ushei, na hiyo ni kati ya bei za juu kabisa duniani. Kwa saa moja, kabla ya kodi ya mapato, alipata kama lita 9. Mmarekani wa dola 7.25 alipata galoni mbili hivi kwa saa, yaani lita 8 kasoro. Basi angalieni: mmoja anatozwa petroli ghali kupita kiasi, mwingine anauziwa kwa bei ya chini, na mwisho wa saa wanakaribia kulingana, isipokuwa yule wa Norway halipii bima ya hospitali.

Na wetu? Mwaka huo kibarua wa mjini alikuwa na kima cha chini cha shilingi 15,201 na senti 65 kwa mwezi, kwa amri ya 2022. Tukigawanya kwa siku 26 za saa 8, ni shilingi 73 kwa saa. Lita moja ya petroli ilikuwa kazi ya saa tatu. Siyo lita tatu kwa saa moja, ndugu. Saa tatu kwa lita moja.

Ndiyo maana twasema kwamba kulinganisha kodi peke yake ni kupoteza njia. Mtu anayetuambia “hata Ulaya wanalipa” atuletee na mshahara wa Ulaya. Na anayetuambia “Marekani hawalipi” atuonyeshe kwanza mji wa Kimarekani ambao mtu anaweza kwenda kazini kwa miguu kama tunavyokwenda sisi kutoka Mbotela mpaka Industrial Area.

Hapa kwetu gari nyingi tunazoziona ni kuukuu kutoka Japani, zisizozidi umri wa miaka minane kwa mujibu wa sheria. Mwanachama aliyechukua mkopo wa ushirika ili anunue gari dogo la kubebea mboga au la teksi anakutana na ngazi hii huko Mombasa. Tuseme thamani ya gari ni shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha, ambao Julai 2023 ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, ni shilingi 350,000. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi ujazo wa 1500, yaani 270,000. Juu ya yote huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Mwisho ni shilingi 1,879,200, na hapo hatujaweka ada ya kuingiza mali wala ile ya kujenga reli. Tena hiyo “thamani” si lazima iwe ile uliyolipa Japani. Mamlaka ya Ushuru huitafuta katika orodha yake ya bei za magari mapya, kisha hupunguza kwa umri wa gari. Mtu aweza kununua rahisi na kutozwa ghali.

Kodi hii ni nzito, lakini angalau humpata anayenunua gari. Ile inayotukera zaidi ni ya mafuta, kwa sababu inampata asiye na gari. Mwaka 2018 serikali iliweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 8 juu ya mafuta, na Julai 2023 ikapandishwa mara mbili, ikawa 16. Ada ya kutengeneza barabara ilipandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 kwa lita hadi 25. Dizeli ya matatu na dizeli ya gari kubwa la mkurugenzi hutozwa sawasawa. Na mafuta ya taa? Tangu 2018 yalitiwa ada ya shilingi 18 kwa lita, kwa sababu wafanya biashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Wachanganyaji ni wachache, lakini aliyeadhibiwa ni mama mwenye jiko la utambi. Oktoba 2023 lita ya mafuta ya taa ilikuwa shilingi 205, karibu sawa na dizeli. Hakuna nchi yo yote kati ya zile tulizozitaja ambayo ingethubutu kufanya hivyo.

Tuone sasa nauli. Wazee wetu wanakumbuka kwamba jina “matatu” lilitokana na senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi kumi, na kwamba mwaka 1973 ndipo Rais Kenyatta alipoziruhusu gari hizo kufanya kazi wazi bila kukimbizana na polisi. Leo tuchukue nauli ya shilingi 50 kwenda na 50 kurudi. Kwa siku 26 ni shilingi 2,600. Kima cha chini cha kibarua wa Nairobi kwa amri ya Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113 na senti 75. Toa kwanza bima ya afya asilimia 2.75, nyumba asilimia 1.5, na akiba ya uzeeni asilimia 6: shilingi 1,650 hivi zimekwenda kabla hajashika bahasha. Kisha nauli. Anabaki na shilingi 11,860 kwa kodi ya chumba, unga, sukari na karo. Na hii ni ikiwa mvua haikunyesha! Sote twajua wingu likifunga upande wa Makadara nauli inakuwa 80, au 100, na makanga hataki kusikia habari.

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Katika Mswada wa Fedha wa 2024 kulikuwa na kodi mpya ya motokaa: asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000, ikusanywe na makampuni ya bima wakati wa kukata bima. Tarehe 18 Juni 2024 ikaelezwa kwamba kodi hiyo imeondolewa katika mswada, pamoja na ile ya mkate. Tarehe 25 watu walikufa barabarani na Bunge likaingiwa. Tarehe 26 Rais Ruto akasema hatatia sahihi mswada wote.

Wengi wakaona mambo yamekwisha. Sisi hatuoni hivyo, maana serikali yenye madeni huwa haisahau kodi iliyokwisha kuiandika, na twataka wanachama waijue ilivyokuwa ili siku ikirudi kwa jina jingine waitambue. Walioitunga walisoma mambo ya nje. Norway tangu 2018 hukusanya kodi yake ya gari kupitia makampuni ya bima, vivyo hivyo. Lakini walichukua njia ya kukusanya tu.

Fanyeni hesabu nasi. Gari la shilingi 800,000, la mwalimu au la dereva wa teksi, lingelipa 20,000. Gari la shilingi milioni 4 lingelipa 100,000, na hapo ndipo kilele. La milioni 10 lingelipa 100,000 hiyo hiyo, yaani asilimia moja tu. La milioni 20 lingelipa nusu ya asilimia. Na pikapu kuukuu ya shilingi 100,000, ile inayosukumwa asubuhi ndipo iwake, ingelipa 5,000, ambayo ni asilimia tano. Denmark kodi hupanda ngazi pamoja na bei. Hii yetu ilikuwa imegeuzwa kichwa chini. Magari ya serikali, bila shaka, yalisamehewa.

Kwa hivyo jibu letu kwa ndugu wa kwanza ni hili: hatuwezi kudai kodi ya motokaa iondolewe kabisa. Wengi wetu hatuna motokaa wala hatutakuwa nayo. Nyumba za Mbotela zilijengwa na Baraza la Mji katika miaka ya hamsini kwa ajili ya mtu wa miguu na baiskeli, na mkipita jioni mnaona magari machache yaliyopo yanavyobanana milangoni. Pesa za mwenye gari la milioni 10 zikiacha kutozwa, zitatafutwa katika unga.

Na kwa ndugu wa pili twasema: hatukatai mfano wa Denmark, ila tuanze na upande wake wa pili, yaani mshahara wa mapatano na basi linalofika. Watu wa Nordic si wageni kwetu; tangu 1967 walisaidia vyama vya ushirika katika nchi hii, na mikopo ambayo wanachama hununulia magari leo inatoka katika vyama vya namna hiyo. Wala Wamarekani si wageni. Tom Mboya alipokwenda kwao mwaka 1956, vyama vya wafanya kazi vya huko vilitoa dola 35,000 za kujenga makao ya wafanya kazi hapa Nairobi. Twaweza kujifunza kwa wote wawili.

Tunalolitaka chama kilipeleke mbele ni kwamba kodi ya asilimia 16 ya dizeli na mafuta ya taa irudi pale ilipokuwa kabla ya Julai 2023, kwa kuanzia. Ada ya mafuta ya taa iondolewe, na wachanganyaji wakamatwe wao. Kodi ya gari ya kila mwaka ikirudi, isiwe na kilele, isiguse gari la bei ndogo, na gari la kubeba abiria lisamehewe. Tena tuulize habari ya zile shilingi 25 za barabara. Mwaka 2025 shilingi 7 katika hizo ziliwekwa rehani ili kuwalipa makandarasi waliokuwa wakidai. Zile 18 zilizobaki, ni senti ngapi zimefika kwenye njia ya miguu ya Jogoo Road, ambako watu maelfu hutembea kila alfajiri katikati ya matope na pikipiki? Dar es Salaam wana mabasi ya mwendo kasi yenye njia yake tangu Mei 2016. Sisi tumejengewa barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa 2022, na asiye na gari huitazama kutoka chini.

Kuna wanachama watakaosema tumewasahau wenye magari madogo. Hatukuwasahau, na ngazi ile ya Mombasa tumeiandika kwa ajili yao. Lakini wakitaka tuwatetee juu ya ushuru, nao wasimame nasi juu ya nauli.

Mkutano ujao wa tawi utalijadili shauri hili. Kwa hivyo kila mwanachama achukue karatasi, na kwa wiki nne aandike nauli aliyolipa asubuhi na jioni, na aweke alama siku za mvua. Wanaotembea waandike saa waliyotoka nyumbani na saa waliyofika kazini. Asiyejua kuandika mtoto wake wa shule amsaidie. Karatasi zipewe katibu wa tawi kabla ya mkutano, maana tukienda kwa wakubwa tunataka kwenda na hesabu ya Mbotela iliyoandikwa na watu wa Mbotela.